Bamba la Chini

Pale karakana walimwita Bi Rula, na jina hilo hakulitafuta yeye. Rula alikuwa mumewe. Bwana huyu alikuwa na jicho lisilovumilia kitu kilichopinda. Akiingia dukani kwako ataiweka sawa kalenda ukutani kabla hajakusalimia, na ukikutana naye njiani umevaa kofia upande atakuambia, "Paa lako limelala, litavuja." Watu wakamwita Fundi Rula, na mkewe akaingia katika jina hilo siku alipoingia katika ndoa.

Mimi nilikuwa kwenye msumeno, jirani na meza yao, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine aliniambia mwenyewe. Wanawake tulikuwa wawili tu pale, na ukishinda kutwa katikati ya kelele za mashine na utani wa wanaume, lazima upate mtu wa kumtolea ya moyoni.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa la nyumba. Mafundi wa zamani waliziunga kwa misumari. Sisi tulitumia mabamba ya chuma yenye meno. Ukilishika moja utaliona kama kipande cha bati nene, upande mmoja laini, upande wa pili umejaa meno makali yaliyosimama wima. Unalaza mbao mezani zikutane vichwa, unaweka bamba penye kiungo, mashine ya kubana inapita juu yake, na meno yote yanazama kwa mpigo mmoja. Nyundo haitakiwi. Ukigonga, meno yanajikunja, na bamba linabaki limeshika kwa adabu tu.

Kila kiungo kinataka mabamba mawili, la chini na la juu, mbao zikiwa katikati. La chini ndilo linaloanza: unalilaza mezani meno yakitazama juu, ndipo mbao zinafuata, ndipo la juu. Ukisahau la chini, kenchi ikiwa imelala mezani hutaona kasoro yoyote. Kasoro utaiona siku ya kuisimamisha.

Bi Rula alikuja pale kufagia vumbi la mbao. Siku moja Rula alimkuta amepanga mabaki ya mabamba kwenye boksi, madogo na madogo, makubwa na makubwa, bila kuagizwa na mtu. Akamwambia, "Wewe, huo ufagio unakuonea," akamvuta mezani akamfundisha. Baadaye akamposa. Alipokwenda kwao, baba mkwe alimuuliza amempendea nini binti yake, naye akajibu kwamba katika karakana nzima ndiye mtu pekee aliyesimama wima. Wakapata binti mmoja, wakamlea, akaolewa mji mwingine. Miaka yote hiyo wazazi wake walifanya kazi wakitazamana, mume upande huu wa meza na mke upande ule, mikono yao imezoeana hata maneno hayakuwa na kazi. Mume akinyoosha kiganja, bamba la ukubwa anaoutaka limeshatua.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Asubuhi moja Bi Rula alikuwa anainua ncha ya kenchi kuitoa mezani, kidole chake kikapita chini ya kiungo kikakuta mbao tupu. Akainama kutazama. Bamba la juu lipo, la chini hakuna.

"Fundi," akamwambia kwa sauti ya chini, "hapa umeruka."

Rula akatazama, akacheka. "Nilikuwa nakupima macho."

Wakairudisha, wakaweka bamba, wakabana upya. Mkewe akadhani yameisha. Baada ya muda akakuta kiungo kingine, kisha kingine. Halafu maneno nayo yakaanza kumponyoka mumewe. Siku moja alisimama mbele yetu akitaka kenchi ya pili, neno likamgomea, akabaki anachezesha vidole hewani. Mwisho akapiga kelele, "Leteni kofia nyingine!" Wanaume wakavunjika mbavu. Kuanzia hapo karakana nzima ikawa inaita kenchi kofia, hata bosi. Rula alikuwa mcheshi, na mtu mcheshi akipotea watu hudhani anachekesha. Mkewe tu hakucheka.

Nyumbani alikuwa akikuta birika ndani ya kabati la nguo. Jumapili moja Rula alikwenda kununua mkate hapo kona, mahali alipokuwa akinunua tangu wahamie mtaa ule, akarudi ameshikwa mkono na mwenye duka.

"Mama, nimemleta mzee," mwenye duka akasema, macho ameyaelekeza chini. "Alikuwa ananiuliza nyumba yake ni ipi."

"Nilikuwa namtania huyu," Rula akasema, lakini shati lilikuwa limemlowa jasho mgongoni.

Ndipo wakaenda hospitali. Daktari alimpa karatasi akamwambia achore saa ya ukutani. Rula akachora duara safi sana, duara la fundi, kisha namba zote akazirundika upande mmoja. Daktari akawaeleza taratibu kwamba ubongo unaugua, kwamba kuna vidonge vya kupunguza mwendo wa ugonjwa tu, na kwamba mgonjwa aache kazi za mashine. Walipofika mlangoni kwao Rula akasimama.

"Sikiliza, mwenzangu," akasema. "Haya yabaki kati yako na mimi. Usije ukanivua nguo mbele ya watu."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

"Apa."

Akaapa.

Tangu siku ile Bi Rula akawa anafanya kazi ya watu wawili na kuificha isionekane. Asubuhi alizunguka meza kabla ya mumewe akilaza mabamba yote ya chini. Wenzetu akawaambia kwamba mgongo unamsumbua, anataka kuinama mara moja yaishe. Jioni alizunguka tena nyuma yake. Chakula cha mchana alikula amesimama, mkono mmoja umeshika kijiko, mkono wa pili unapita chini ya kenchi zilizokamilika, kiungo kwa kiungo. Meno ya mabamba yalimchana vidole vyote. Siku moja nikamuuliza, "Dada, mbona unapapasa mbao kama mtu aliyepoteza sindano?" Akanishika mkono. Tukaenda nyuma ya rundo la mbao, akaniambia yote.

"Sasa utaendelea hivi mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka atakapochoka mwenyewe aseme basi."

Lakini Rula hakuona kitu cha kumchosha. Kazi ilikuwa inatoka nzuri kuliko zamani, maana kila kiungo sasa kilikaguliwa mara mbili, na sifa zote zilimwendea yeye. Bosi, ambaye aliirithi karakana kwa baba yake na tangu utotoni alikuwa akimwona Rula pale, alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu mzee kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokuwa mkali."

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi wa shule. Ukumbi mpana, kenchi ndefu ambazo hakuna lori la kuzibeba. Ilibidi ziunganishwe kulekule kwenye ujenzi, kwa mashine ndogo ya kubana. Bosi akamteua Rula aongoze kundi la mafundi wapya, na Bi Rula abaki asimamie meza ya karakana.

Alikwenda kwa bosi kuomba afuatane na mumewe.

"Nikiwatoa wote wawili, hapa nifunge?" bosi akamjibu. "Mwache mzee akapumue kidogo. Kila siku sura yako tu!"

Bi Rula akacheka kwa kujilazimisha, akatoka.

Jioni alimkuta mumewe anapiga pasi ovaroli. Kitu hicho hakuwahi kukifanya tangu amjue. Akamwomba aikatae kazi, aseme ana homa, aseme lolote.

"Maisha yangu yote nimefunika nyumba za vyumba viwili na mabanda ya kuku," Rula akasema. "Leo nimepewa ukumbi, unataka niseme naumwa?"

"Kule sitakuwepo. Nani atakuangalizia chini?"

Rula akaacha pasi. Akaisogeza ovaroli pembeni, na mkewe akadhani maneno yamemwingia. Kisha mumewe akamtazama kwa macho ya mtu anayetaka kweli kusaidiwa, akauliza:

"Chini ya nini?"

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipokaa kitandani. Alikuwa amejidanganya kwamba mumewe anasahau mabamba lakini anajua kwamba anasahau. Sasa akaona hata hilo limeondoka. Akafikiria wale wanafunzi wamekaa kwenye mistari, na juu yao mbao ndefu zilizoshikwa upande mmoja tu.

Asubuhi aliingia ofisini kwa bosi akafunga mlango. Akamweleza. Bosi alidhani ni ugomvi wa nyumbani.

"Mama, mmekosana? Kama mmekosana, semeni tuwasuluhishe, lakini usiniharibie kazi."

"Hatujakosana. Mume wangu anaumwa. Mwite umuulize, ila umwite faragha, nakuomba. Muulize pembeni."

Bosi hakumwita pembeni. Sidhani kama alikusudia ubaya. Nadhani hakuamini tu, akataka kumaliza maneno haraka. Alitoka hadi mezani, sote tupo, akasema kwa sauti ya furaha, "Mzee wangu, hebu niungie kiungo kimoja hapa, hawa vijana wapya waone kabla hamjaondoka. Na wewe mama, leo usimsaidie."

Mashine zikazimwa. Rula akakunja mikono ya ovaroli, akasogea mezani. Alipenda kutazamwa. Akachagua mbao mbili, akapitisha jicho kwenye urefu wake, moja akaikataa kwa sababu ilikuwa imepinda kiasi ambacho sisi hatukukiona. Akazikutanisha vizuri kabisa, hewa yenyewe isingepita. Kisha akanyoosha kiganja upande wa pili wa meza, kama alivyozoea.

Mkewe alikuwa ameweka mikono nyuma.

Kiganja kikabaki hewani. Rula akamtazama, akatabasamu, akakichezesha kidogo, kama unavyomwita mtoto. Hakupewa kitu. Basi akageuka, akachukua bamba mwenyewe kwenye boksi, akaliweka juu, akalibana kwa mashine ndogo ya mkono. Akapangusa mikono kwenye ovaroli iliyopigwa pasi, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyemaliza.

Bosi akazishika zile mbao kwenye ncha moja, akainua. Kiungo kikafunguka kama kitabu. Mbao moja ikaanguka mezani, na mlio wake ukasikika mpaka nje, kwa vile mashine zote zilikuwa kimya.

"Bamba hili feki," Rula akasema. Akatutazama mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa, hata mimi. Mwisho akamfikia mkewe, akaiona ile mikono iliyokuwa nyuma.

"Umewaambia," akasema.

Bosi alimshika bega kwa heshima, akamwambia, "Baba, twende tukanywe chai." Alimrudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe, na baadaye akamwandikia barua nzuri ya kumstaafisha. Lakini kabla ya hapo alimwita Bi Rula ofisini.

"Tangu lini?"

Akamwambia.

"Na muda wote huo mimi nauza hayo mapaa?"

"Kila kiungo nimekipitia kwa mkono wangu, bosi. Hakuna hata kimoja kilichoachwa."

"Nitakuamini vipi? Ulinificha. Watu wanalala chini ya hayo mapaa na watoto wao."

Akamwachisha kazi siku hiyohiyo. Akatuma watu wapande juu ya dari za nyumba zote tulizoziuzia kenchi, na tochi. Walirudi wamejaa utando wa buibui, hawakukuta kiungo kimoja kilichokosa bamba. Bosi akamshukuru Mungu, akaendelea na shughuli zake. Hakumtumia Bi Rula hata salamu. Mimi ndiye niliyekwenda kumpa habari hiyo, nikidhani nampelekea furaha. "Najua," akanijibu. Alikuwa anachambua mchele. "Mimi ndiye niliyeyaweka."

Meza yao wakapewa watu wengine. Ukumbi wa shule ukaezekwa na kundi jingine, wanafunzi wanafanyia mitihani humo, na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na jambo.

Nyumbani kwake sasa mambo yakawa magumu kwa namna ambayo sikuitegemea. Rula alisahau njia ya kwenda chooni. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau kwamba mama yake alikwishafariki, akawa anamngoja. Jambo moja tu lilimkaa kichwani, haliyumbi. Kila akiamka alimtazama mkewe akasema, "Wewe ndiye uliyeniuza." Akipewa chakula alikisukuma: "Mpelekee bosi wako." Alikaa mlangoni akawasimulia wapita njia, na kwa kuwa alisimulia vizuri, bila kukosea neno, majirani wengine waliamini. Kuna mama mmoja aliyeacha kumwitikia Bi Rula salamu.

"Kwa nini asisahau hili?" aliniuliza mara moja. "Nimemwosha, nimemlisha, nimelala naye miaka yote. Hayo yote yamekwenda. Limebaki hili la dakika moja."

Binti yao akaja na mumewe. Alimkuta baba amekonda, hali chakula, mkono wa mkewe hautaki.

"Mama, ni kweli ulikwenda kumshtaki baba kazini?"

"Nilikwenda kumwambia bosi kwamba anaumwa."

"Si ungemwambia yeye mwenyewe aache, kimyakimya?"

"Nilimwambia."

"Ungemwambia tena."

Binti alilia, akaomba radhi kwa kupandisha sauti, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wakaamua kwamba mzee akaishi kwa binti, kwa vile huko anakula. Siku ya kuondoka Rula alipanda gari mwenyewe, akarekebisha kioo cha pembeni kilichokuwa kimelala, akakaa. Mkewe alisimama hadi gari likakata kona. Rula hakugeuka hata mara moja. Binti ndiye aliyepunga mkono.

Bi Rula akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Miezi ikapita kabla hajathubutu kwenda kule. Alipokwenda, alimkuta mumewe uani, kwenye kiti, amevaa sweta ambalo mkewe hakulijua. Alisimama mbali, akingoja matusi.

"Karibu, dada," Rula akasema. "Mbona umesimama juani? Leteni kiti jamani, kuna mgeni."

Akaletewa kiti. Rula akamuuliza habari za safari, habari za watoto. Alikuwa na adabu ileile aliyokuwa nayo siku alipokuja kuposa. Kisha akainamisha kichwa karibu na chake.

"Mimi nilikuwa na mke," akamwambia. "Mikono yake, dada, sijaiona kwa mwingine. Unanyoosha tu kiganja. Lakini aliniuza mbele ya watu."

"Pole, kaka," Bi Rula akasema.

"Nimeshapoa. Ila ningependa kujua nilimkosea nini."

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na aliyasikia yote. Jioni hiyo alimshika mama yake miguu akalia, na mama akamsamehe, lakini aliniambia kwamba wakati ule hakuwa amebaki na kitu ndani cha kusamehe wala cha kununa.

Akawa anakwenda kila apatapo nafasi, kama mgeni. Kama mgeni alipokewa vizuri. Alikula naye, akamkata kucha, na kila mara alisimuliwa habari za yule mke, naye akitoa pole. Nilimuuliza kwa nini asimwambie ni yeye. "Halafu?" akanijibu. "Afukuze na huyu dada?"

Mara ya mwisho aliporudi kutoka huko alipitia kwangu, akakaa na begi lake miguuni bila kulifungua. Nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Hasemi tena," akasema. "Nimekaa naye kutwa. Nimengoja anisimulie, hakusimulia. Nikamwanzishia mwenyewe, nikamwambia, kaka, uliwahi kuwa na mke? Akanitazama tu, kama unavyotazama ukuta."

"Labda ni nafuu kwake," nikasema. "Ameshasahau."

"Kwake labda." Akajikuna kiganja kilichoharibiwa na sabuni za kufulia. "Mimi nilikuwa nangoja siku moja, hata akiwa amechanganyikiwa, aseme yameisha. Sasa nani atasema?"

Nilimmiminia chai. Aliinywa yote, akanishukuru, akasema kesho zamu yake ni ya alfajiri, mashuka ni mengi. Nikamsindikiza hadi barabarani.